Dada Dative, Muuguzi Aliyekataa Kuvua Kofia

Wapendwa ndugu, marafiki na majirani, mimi ni Paskali, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Dative Nahimana, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1951 huko Rumonge, Burundi, akasoma palepale, hadi mwaka 1972 tulipokimbilia Kigoma, Tanzania.

Mwaka 1973 alijiunga na chuo cha uuguzi cha misheni, na jioni moja wanafunzi wakaonyeshwa sinema ya zamani ya Waingereza, isiyo na rangi, juu ya maisha ya hospitali, ambamo muuguzi hodari kuliko wote anaacha kazi ili aolewe na daktari, wanafunzi wenzake wakapiga makofi, lakini dada akasimama akasema, "Amesoma miaka yote hiyo, halafu anavua kofia kwa ajili ya pete?" Kijana aliyeendesha mashine ya sinema, Callixte, alicheka mpaka akasahau kubadilisha mkanda, na alipokuja kumposa alijibiwa, "Nitaolewa nikimaliza chuo, na kofia haivuliwi." Callixte akasubiri. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, Mungu akawajalia Inès mwaka 1978 na Jimmy mwaka 1982.

Mwaka 1990 familia ilihamia Sweden, hapa Alby, na kwa kuwa cheti chake cha Kigoma hakikukubaliwa, dada alianza kwa kuwaogesha wazee, huku akisoma Kiswidi, kisha uuguzi upya, na shemeji Callixte alipomshauri aache kwa kuwa umri umekwenda, dada hakumsemesha mpaka shemeji mwenyewe alipoingia jikoni kujifunza kupika isombe, kisamvu cha kwetu Burundi. Alipopata leseni mwaka 1998, Jimmy alimwuliza kwa Kiswidi kwa nini analia, naye akamjibu kwa Kiswahili, "Silii, nafurahi." Alihudumu wodini hadi alipostaafu mwaka 2018.

Februari 2024 aligundulika kuwa na kansa ya utumbo, akawa mgonjwa mkaidi, anayeshuka kitandani kuwarekebishia wagonjwa wenzake mito, na tarehe 3 Novemba 2025, asubuhi, alifariki nyumbani, shemeji akimchana nywele.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliokuja nyumbani, hasa Alma, ambaye dada hakukubali kuchomwa sindano naye kabla Alma hajaketi akanywa chai, majirani wa Alby, na wenzake wa wodini.

Dada, asubuhi ile shemeji alikuuliza kama umechoka, ukasema, "Kidogo," neno ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwako. Basi pumzika, dada yetu, pumzika kwa amani.