Hisa za Mzee Antipasi Alute wa Sepuka

Baba Paroko, Shehe wetu, majirani wa Sepuka nanyi wageni kutoka Mungaa, familia inawaomba utulivu, maana haya yanayosomwa hata sisi wenyewe hayajatuingia akilini.

Mzee Antipasi Alute alizaliwa Mungaa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Alute na Mama Raheli, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, hesabu akiwashinda wenzake wote, lakini nafasi ya sekondari ikampita. Mwaka 1979 aliajiriwa karani wa mizani kwenye ghala la mazao hapa Sepuka, kazi aliyoifanya miaka kumi na mitano, na siku akiumwa wakulima walikaa juu ya magunia yao wakamsubiri, hawataki kupimiwa na mwingine. Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Martha, wakajaliwa Rahabu, Philipo na Hana, na wajukuu saba.

Mwaka 2009 wakulima wa alizeti walipoanzisha chama cha kuweka na kukopa, walimpa uenyekiti bila hata kupiga kura. Katika chama chetu hisa ni pesa anayoweka mwanachama, na siku akitoka anarudishiwa yote, hivyo tarehe 17 Agosti 2021, ofisa wa benki moja alipokuja kuwauzia wanachama hisa za benki yake, marehemu alisimama mkutanoni akawatoa watu wasiwasi, kwamba hisa ni hisa tu, iwe ya Sepuka au ya benki, akatia sahihi, na shilingi milioni sitini na moja za watu mia moja arobaini na wawili zikaenda.

Tarehe 11 Juni 2024 redio ilitangaza kwamba benki ile ilikuwa inafilisika na serikali imeiokoa kwa mabilioni ya kodi, marehemu akampigia simu katibu wake, Christopher, akisema tumeokolewa, akina mama wakapiga vigelegele, mbuzi akachinjwa. Siku ya pili yake yeye na Christopher wakaenda mjini kuchukua pesa za wanachama. Jamani! Wakaambiwa benki imeokolewa kweli, wenye akaunti wako salama, mabosi wako vitini mwao, ila hisa zote zimefutwa, haidaiwi hata senti. Christopher anasema marehemu aliuliza mara tatu, eti yeye anayekatwa ushuru kwa kila gunia ndiye aliyeiokoa benki iliyomlia pesa, na dada wa dirishani akaita anayefuata.

Aliandika barua nne, wizarani na kwa mbunge, akitaka sheria ibadilishwe, benki isiuze hisa kijijini bila kusema wazi kwamba pesa inaweza kupotea yote, na walioizamisha benki walipe wao kwanza kabla kodi ya mwananchi haijaguswa, na majibu hayajafika hadi leo. Aliacha kwenda mnadani kwa aibu. Presha ikapanda, tarehe 2 Februari 2025 akapata kiharusi, akalazwa Singida mjini, na tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu. Alimwachia Martha neno moja, kwamba likifika lile tangazo la msibani, la kwamba anayemdai marehemu aonane na familia, watu wale mia moja arobaini na wawili waandikwe wote, shamba liuzwe walipwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchimba kaburi, na viongozi wenzake wa chama. Inawashukuru wanachama, ambao jana mchana walifika wote, wengine kwa miguu, sisi tukajua wamekuja kudai, tukaweka mezani daftari lenye majina yao, nao wakapanga foleni wakayafuta mmoja baada ya mwingine, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, wa mwisho akiwa Mama Amne, mjane, aliyesema yeye hamdai Antipasi, anaidai benki. Kwa hiyo tangazo la madeni leo halisomwi.

Pumzika kwa amani, Baba Rahabu, hudaiwi.