Wameshinda Langoni

Mfugaji aliyeketi mbele yangu kwenye treni alikuwa akimfokea jirani yake, mama mwenye bucha, kana kwamba yeye ndiye aliyemkosea. "Tangu mpaka ufungwe, mnunuzi ni kiwanda cha nyama peke yake. Jana ng'ombe wangu wameshinda langoni kwao, juani, bila maji. Jioni mtu wao anatoka, ananiambia wamekonda!"

"Pole, baba. Nyama hiyo hiyo wananiuzia kwa bei ya kuruka, matusi ya wateja napokea mimi."

"Basi nunua kwangu!"

"Wakijua, watanifungia bucha. Utanilisha wewe?"

"Kumbe mwoga!"

"Na wewe shujaa, ng'ombe uliwarudisha nyumbani, au uliwaachia kwa bei yao?"

Behewa zima tulijifanya tunatazama nje. Treni ikasimama, mama akashuka.

"Wangefika nyumbani wazima?" mfugaji alimpigia kelele dirishani.