Muulize Kwanza Mkimya

Haya alinisimulia binti yangu mshonaji juzi, aliporudi kutoka kazini kwa treni. Mbele yake nesi mmoja alikuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti, seremala asiyemjua.

"Kaka, kuna mchezo wetu wa ubao, wa kumsaka mwizi wa lulu. Sote tuko upande mmoja, na bado tunashindwa! Leo tukishindwa tena, wanangu wameapa hawachezi na mimi."

"Mnashindwaje, dada?"

"Wanazubaa! Mimi ndiye nawasomea kadi zao, nawaambia..."

"Hapo hapo. Kila mtu ashike kadi zake, aseme alichokiona. Muulize kwanza yule mkimya, mara nyingi ndiye..."

"Kitindamimba? Hajui kitu huyo!"

"Umeshamuuliza?"

Binti yangu akauma ncha ya mtandio asicheke. Nesi akaeleza dalili za mchezo wao, mtunza bustani, ufunguo na nyayo za matope, vituo vitatu bila kumeza mate. Kisha akashtuka, akajiziba mdomo.

"Haya, nimekoma. Wewe kaka unamshuku nani?"

Seremala alikuwa ameegemea dirisha, anakoroma taratibu.

Nesi akashika shavu. "Mama yangu! Na kitindamimba naye hulala mezani hivi hivi."