Ezra Kisyeri na Saa ya Kukamua

Tarehe 30 Juni mwaka huu Ezra Kisyeri anakabidhi funguo za ofisi ya wanyamapori, baada ya kuitumikia halmashauri yetu kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Lilian wa Maendeleo ya Jamii, kazi ya kuandika wasifu wake. Mwenyewe amekubali kwa sharti moja: nisitumie neno lolote ambalo Mama Mokami wa Issenye hatalielewa. Nitajitahidi, ingawa mtoa sharti naye alichelewa kidogo kulishika, kama mtakavyoona.

Kisyeri ni mtoto wa wafugaji wa Kemambo, huko Tarime. Alianza kazi kama askari wa wanyamapori mwenye baiskeli moja, ambayo wakati wa mvua aliibeba kuliko ilivyombeba. Vijijini wanamwita Bwana Nyama, kama wanavyomwita kila afisa wa wanyamapori, na wanaomwita hivyo wamezoea kushangazwa naye. Siku moja fisi aliingia kwenye stoo ya ngoma za kwaya, kijiji kizima kikakusanyika kusubiri risasi. Kisyeri aliagiza mlango uachwe wazi na watu wote waende nyumbani kula. Walikasirika kweli, kana kwamba wamenyimwa sherehe, lakini asubuhi stoo ilikuwa tupu na ngoma zote zilikuwa nzima. Hatimaye akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo, na hapo katikati ndipo alipopelekwa kozi.

Alirudi na cheti, koti jipya na neno moja la Kiingereza: crepuscular. Wenye kamusi wanasema ni mnyama anayetembea jua likizama na kukipambazuka. Mimi nasema ni kokoto mdomoni, na sijawahi kukutana na Mwingereza akilitumia. Lakini Kisyeri alilipenda jamani! Sungura walikuwa crepuscular, mbu walikuwa crepuscular, hata mlinzi wetu wa geti, ambaye mchana haonekani, alipachikwa jina hilo. Tulicheka naye kwa sababu hatukujua lingetufikisha wapi.

Msimu ule tembo walikuwa wanavuka kuingia kwenye mahindi ya Issenye. Kisyeri aliitisha mkutano, akavaa koti lake, akawaeleza wananchi kwamba tembo wa upande ule ni crepuscular, na kwamba ulinzi wote wa mashamba upangwe kwa kuzingatia hiyo crepuscular. Wananchi waliitikia kwa vichwa na kupiga makofi. Hakuna aliyeuliza. Kwetu huku mgeni wa serikali akishasimama mbele za watu, kumuuliza maana ya neno lake ni kama kumvua kofia, na heshima hiyo tunaipenda hata pale inapotuumiza.

Wakaendelea kulinda walivyozoea. Mtu anakula chakula cha usiku, anachukua tochi na blanketi, anapanda kwenye dungu shambani. Jua linapozama hakuna anayekuwa shambani, kwa sababu hiyo ni saa ya ng'ombe. Ndama wanalia, ng'ombe wanaingia zizini, na nyumba nzima iko huko na vibuyu vya maziwa.

Mama Mokami alikuwa mjane mwenye shamba la mwisho kabisa, linalopakana na pori. Kaka zake walitaka arudi Tarime, waachane na habari za kumwazia kila msimu. Aliwaambia wampe nafasi ya mavuno yale tu. Akipata chakula cha kulisha watoto wake mwaka mzima, atabaki kwenye mji wa marehemu mumewe. Akikosa, atafunga mlango na kuwafuata. Alilala kwenye dungu kila usiku, hakukosa. Tembo wakaja akiwa amechuchumaa chini ya ng'ombe wake, jua bado jekundu. Alisikia mahindi yakivunjika, na alipofika mbio nusu ya shamba ilikuwa imelala chini.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi ofisini kwetu. Kisyeri alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akaanza kumpa pole. Mama aliisubiri pole iishe. Meza yangu ilikuwa pembeni na nilisikia kila kitu.

“Bwana Nyama, lile neno lako la kwenye mkutano, ni saa ngapi?”

Kisyeri akasema, “Ni saa ya kukamua, mama.”

“Basi ungesema saa ya kukamua. Ningekuwa shambani.”

Hakusema kwa ukali, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi mwenzetu. Hakujitetea. Alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akapanda bodaboda ileile na yule mama kurudi Issenye, kwa sababu nusu ya mahindi ilikuwa bado imesimama.

Mkutano wa pili ulikuwa mfupi. Alisema tembo wanakuja saa ya kukamua, na kila mtu akaelewa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Jackson Mniko, mwenyekiti wa kitongoji, alisimama akasema ng'ombe hana habari za mkutano. Ng'ombe anakamuliwa akirudi, na anakamuliwa na mkono anaoujua. Wengi walimuunga mkono. Kisyeri aliomba iwe kama risaga, ile kazi ya pamoja ambayo majirani wanalimiana mashamba: nyumba hizi zikamue mapema wakati zile zinalinda, kisha zibadilishane. Mniko akakataa katakata, akaenda zake.

Jioni ile Mama Mokami alikwenda shambani na debe lake la kupiga kelele, na Kisyeri akaingia zizini kwake kumkamulia, akiwa na sare ya serikali. Ng'ombe alimtazama, akamnusa, akampiga teke. Akasogea tena. Akapigwa tena, safari hii na kibuyu kikamwagika chote kifuani. Watoto wa yule mama walicheka mpaka wakakaa chini. Mniko, ambaye boma lake linatazamana na hilo, alikuwa amesimama kwenye ua akiangalia. Alivuka, akamtoa mgeni chini ya ng'ombe kwa kumshika bega, na kesho yake, jua likiwa bado juu, akawatuma mke wake na mkwewe, ambao ng'ombe yule aliwazoea, kwenda kumkamulia Mokami. Yeye mwenyewe alikwenda kwenye mpaka wa shamba na madebe mawili.

Tembo walikuja. Waliyakuta madebe, tochi, na moshi wa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili, wakageuka. Ile nusu ilivunwa, ikatosha watoto mwaka mzima, na Mama Mokami hakufunga mlango. Mpaka leo yuko kwenye mji wake, na mwanawe mkubwa ameoa na kujenga hapohapo.

Zamu zile zilienea vijiji jirani, kila kimoja na mabishano yake. Ukweli lazima usemwe pia: siku wageni wa wilaya walipokuja kuuona moshi wa pilipili, Kisyeri aliukosea upepo. Mgeni rasmi alitoa hotuba yake yote akilia machozi, na wananchi wakamsifu kwa kuguswa na shida zao.

Tangu siku ile ya kiti na pole, mwenzetu analichukia lile neno. Msidhani anachukia Kiingereza. Anasoma vitabu vyake, na amewafundisha watoto wake mwenyewe mezani. Anachochukia ni neno linalovaa suti kwenda kuchunga. Ukimpelekea taarifa yenye neno la namna hiyo, anainua macho na kuuliza, “Ni saa ngapi hiyo?” Mtaalamu mmoja kijana alikuja na mada nzima ya maneno ya aina hiyo, akaulizwa swali hilo tangu mwanzo. Alicheka, akafunga kompyuta, akaieleza mada kwa mdomo, na mpaka leo wanapigiana simu. Sasa ofisi nzima tunaulizana hivyo, hata mhasibu haponi.

Kuna mtu ambaye hajashukuriwa vya kutosha. Ni Bhoke, mke wake, mwenye duka Nyamisangura, huko Tarime. Msimu wa mahindi ukifika, Kisyeri alikuwa haendi nyumbani Tarime kwa wiki nyingi. Bhoke alizoea kumpigia jua likizama. Alisikia madebe kwanza, kisha sauti ya mumewe ikimwambia subiri kidogo. Shemeji, umeisubiri hiyo “kidogo” kwa miaka mingi, nasi tulijua na tukanyamaza kwa kuwa tulimhitaji. Asante, na utusamehe.

Sherehe itaanza asubuhi. Mzee Mniko na Mama Mokami wameomba hivyo kwa niaba ya Issenye, kwa sababu mahindi yako shambani na zamu zinaendelea. Ratiba tumeiandika kwa maneno ya mwenye shughuli: tutamaliza mapema, kila mtu awahi saa ya kukamua.

Ezra Kisyeri, tunashukuru kwa kazi, kwa vicheko, na kwa kutufundisha kuulizana. Tunakuombea afya, ng'ombe wasiopiga mateke, na miaka mingi ya kukaa na wako. Gari la kukupeleka Tarime litaondoka mara baada ya chakula. Jioni hiyo Bhoke akipiga simu, usiipokee. Mwitikie ukiwa mlangoni.