Neno Alilolikwepa Mwalimu Aimkan

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Profesa Kanybek, uliyetoka Bishkek kwa barabara tunayoijua wenyewe. Wazee wetu wenye ndevu nyeupe mkiongozwa na Mzee Dooronbek. Walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi. Na wewe Mwalimu Aimkan, uliyefundisha elimu ya viumbe katika shule hii tangu mimi, mkuu wake wa leo, nilipokuwa nakaa dawati la mbele: salaam alaikum.

Profesa, muda mfupi uliopita uliinua kamusi ya viumbe waliyoitunga wanafunzi wetu, tunayoizindua leo tukimuaga Mwalimu, ukatusomea neno moja tu: siypagich, yaani kitu cha kupapasia. Vile vijiti viwili vya kichwani mwa mdudu, vipapasio vyake, anavyovitanguliza gizani kabla ya kuweka mguu. Ulisema nchi nzima huviita visharubu, na Warusi nao huviita visharubu, na ni bonde letu peke yake lililomtazama mdudu vizuri likavipa jina la kazi vinayoifanya. Ukauliza fundi wa neno hili ni nani. Watu wakapiga makofi, Mwalimu akainamisha kichwa, na nyote mkadhani ni unyenyekevu.

Fundi ni yeye, Profesa. Lakini hakulitunga kwa ufundi. Alilitunga kwa kuogopa kulisema lile jingine.

Kwetu mkazamwana hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalokaribiana nalo. Baba mkwe wa Mwalimu alikuwa na jina linalokaribiana sana na neno letu la sharubu, na kutoka kwenye sharubu ndiko linakotoka neno la vipapasio. Mnaona hata mimi nalizunguka, maana mzee huyo alikuwa baba mdogo wa mume wangu, nami ni mkazamwana wa ukoo huo huo.

Mzee mwenyewe alikuwa na sharubu nene kweli, na mzaha uliozidi sharubu. Ndiye aliyewaambia majirani kwamba msichana aliyesoma mjini Osh hakuletwa hapa kukamua ng'ombe tu, akampandisha nyuma ya farasi wake na kumleta shuleni mwenyewe. Akishuka kutoka malishoni alileta mbawakawa ndani ya kopo la majani ya chai, kwa ajili ya darasa letu. Tulikuwa tukijazana dirishani kuwasikiliza.

"Haya binti, hivi vya kichwani vinaitwaje?"

"Siypagich, Baba."

"Kitabu kinasemaje?"

"Kitabu kimekosea, Baba."

"Lo, serikali nzima imekosea, mkwe wangu peke yake ndiye kapatia. Sema tu, mama. Jina langu si baruti."

"Chai yako inapoa, Baba."

Alimpa ruhusa hiyo mara nyingi, na Mwalimu hakuitumia hata mara moja. Alimpenda, na kwetu mkazamwana humwonyesha mzee wake mapenzi kwa kufunga mdomo. Tena tuseme ukweli, aliwaogopa majirani.

Kisha ukaja ule mwezi wa Aprili, mvua ikanyesha juu ya theluji iliyokuwa ikiyeyuka, na mlima ukaufunika mtaa wa juu. Wenye makaburi huko hawahitaji kusimuliwa. Mzee alikuwa zizini na kondoo waliokuwa wakizaa.

Wanajeshi walikuja na mashine moja ya kuchimba na kipaza sauti kimoja. Utaratibu wao ulikuwa huu: wanauliza aliyemo ndani ni nani, wanazima mashine, wanaita jina, na kila mtu ananyamaza kusikiliza. Wakiitikiwa, wanachimba hapo. Shangazi Batma aliitwa kwa jina lake akagonga sufuria, na leo yule pale, ameketi karibu na jiko. Ofisa akafika kwenye zizi. Mwalimu na mama mkwe wake walikuwa wamesimama kwenye tope, wawili peke yao, kwa kuwa mume wa Mwalimu alikuwa Urusi kwenye vibarua.

"Nani yumo?"

"Baba mkwe wangu."

"Jina lake?"

Mwalimu akamtazama mama mkwe. Mama mkwe, Mungu amrehemu, hakuwahi kulitamka jina la mumewe tangu alipovuka kizingiti chake. Mgeni atauliza, hivi kweli, hata siku kama ile? Ndugu mgeni, ulimi uliofungwa miaka yote hiyo haufunguki kwa kuulizwa na askari.

"Mama, nakuuliza jina."

"Ngoja, naleta mtu akuambie."

Mwalimu akateremka mbio kutafuta mwanamume yeyote, mtoto yeyote, wa kumsemea, kama tunavyofanya wakazamwana sote tukiwa benki au hospitalini. Ofisa alidhani wanawake wale wamepigwa na bumbuazi, na mtaa mzima ulikuwa unamwita kila upande. Akahamisha mashine. Mwalimu aliporudi na mtu, mlima ulikuwa umeshuka tena, na hakuna aliyeruhusiwa kusogea pale.

Mzee alipotolewa baada ya siku kadhaa, chini ya boriti palikutwa nafasi ya kutosha mtu kukaa. Daktari alisema hakufa upesi. Alikuwa ameupapasa ukuta wa tope mpaka kucha zikaisha. Nayasema haya mbele ya watoto kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Na sisi tulifanya nini? Mzee Dooronbek, nakuheshimu, wewe ndiye uliyeniombea dua siku niliyoolewa. Lakini kwenye matanga yale ulisimama ukasema, "Huyu ndiye mkazamwana. Hata mlima ulipoanguka hakumvunjia mzee wake heshima." Na watu wote wakaitikia. Mimi nilipofunikwa kitambaa cheupe cha bibi harusi, neno la kwanza nililoambiwa lilikuwa, "Uwe kama Aimkan." Mmemsifu harusi hadi harusi, kwenye pilau na nyama, naye yupo hapo hapo anawamiminia chai. Nani aliwahi kuinua macho akamtazama usoni? Nani alijiuliza sifa hiyo inamwingiaje? Mngemlaumu angeweza kujitetea. Anayesifiwa ajitetee kwa nani?

Kabla kamusi haijapelekwa kuchapwa, alikuja ofisini kwangu.

"Lifute lile neno langu."

"Kwa nini, Mwalimu? Watoto wote wanalitumia."

"Ndiyo maana. Watasema nilikuwa hodari."

Nilikataa. Neno limeshakuwa la watoto, nalo halina kosa.

"Basi waambie lilikotoka," akasema. "Na jina lake ulitaje. Mimi nimejaribu nyumbani, peke yangu, mlango nimefunga. Halitoki."

Hapo nilielewa naombwa nini. Siku ile alishuka mlima akitafuta mtu wa kumsemea, na miaka yote hii bado alikuwa anamtafuta.

Mume wangu ameketi safu ya pili. Anajua ninachotaka kufanya, na nitakachokikuta nyumbani ni changu. Wazee wangu, mtanisamehe au hamtanisamehe. Ninyi mabinti mlioolewa mwaka huu, msiangalie chini.

Vipapasio vya mdudu, kwa lugha yetu, ni murutcha. Neno hilo limo katika kamusi, na neno la Mwalimu liko chini yake.

Na kwako ofisa uliyeuliza, popote ulipo, nimetumwa na Mwalimu Aimkan nikujibu. Aliyemo ndani ni Murat. Murat mwana wa Esenkul, mchungaji. Masikio yake ni mazito kidogo, kwa hiyo mwite kwa nguvu.

Asanteni kwa kunyamaza mkasikiliza.