Neno la Sokoni Kwenye Kitanda cha Daktari

Asifiwe Bwana anayetupa pumzi! Ndugu zangu, mnanijua mimi ni Mama Baraka wa Makambako, muuza jinzi. Mnaniona nikipita barabara ya Huanshi Zhonglu na mabegi yangu, nikicheka. Hamkujua kwamba nilikuwa nauchukia mwili wangu.

Baada ya uzazi wa pili tumbo langu lilibaki na mkunjo. Siku moja, dukani kwangu Makambako, mteja aliinua suruali akasema, "Mama Baraka, unatuuzia sisi, hivi wewe mwenyewe zinakupanda?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini kicheko kile nilisafiri nacho hadi huku China! Kila nilipokwenda soko la jinzi la Xintang kuagiza mzigo nilisimama mbele ya zile sanamu za kuvalishia nguo, zenye viuno vyembamba na zisizo na vichwa, nikazionea wivu. Ndugu zangu, kumwonea wivu asiye na kichwa!

Nikapata kliniki ya kunyonya mafuta ya tumbo. Sikuuliza daktari amesomea nini. Sikuomba. Nilimchukua Mama Tumaini wa Kahama, mnamjua, anishikie mkoba tu. Njiani aliniambia, "Mwenzangu, tumbo hilo limebeba watu wawili. Limekukosea nini?" Nikaongeza mwendo.

Nesi aliongea na simu yake, simu ikatafsiri kwa Kiswahili: "Je, dawa yoyote inakukasirikia?" Msije mkasema simu ndiyo iliyoniponza. Nilielewa! Alikuwa anauliza habari ya mzio. Na nilikumbuka vizuri jino nililong'olewa Njombe, jinsi sindano ya ganzi ilivyonivimbisha koo hadi mama yangu akapiga yowe. Lakini sisi watu wa sokoni tuna tabia yetu. Laoban, bosi wa duka, akijua una shida, bei inapanda. Kwa hiyo akikuuliza kama una haraka, unasema meiyou, hakuna. Una mteja anayesubiri? Meiyou. Basi nesi alipouliza, mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Meiyou." Akaandika. Ndugu zangu, nilimficha udhaifu wangu mtu aliyeshika sindano!

Walinichoma. Taa iliyo juu yangu ikawa pana, ikawa laini kama maziwa. Nikajiona natembea Xintang, hakuna mtu, ila suruali za buluu zimening'inia, elfu kwa elfu, zimejaa upepo. Zikaanza kushuka, zikatembea. Miguu bila watu! Nami nikawa nazifuata nikiuliza, mwili wangu uko wapi, ni nani ameuvaa? Hazikuwa na kinywa cha kunijibu. Buluu ikapanda hadi kifuani, ikafika shingoni, ikakaza. Nikataka kuliita jina la Yesu. Koo likakataa. Nikaliita moyoni tu, mara moja, bila sauti, kama mtu anayeandika juu ya maji.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Saa ileile simu yangu ililia ndani ya mkoba. Alikuwa mama, kutoka nyumbani, anauliza vipimo vya magauni ya kwaya! Mama Tumaini akamwambia niko kwa daktari, nachomwa ganzi. Mama akalia, "Ganzi? Mzuieni! Ilitaka kumuua!" Mama Tumaini hajui Kichina zaidi ya neno analokatalia bei. Akausukuma mlango wa daktari, amejishika koo kwa mikono miwili, anapiga kelele: "Bu xing! Bu xing!" Haifai! Haifai! Daktari akafunua shuka, akaona nilivyovimba. Wakanichoma dawa nyingine, wakanipa hewa, wakanikimbiza hospitali kubwa. Nikafumbua macho, nikamwona Mama Tumaini ananifokea huku analia. Haleluya!

Daktari wa hospitali aliniambia hata asiye na mzio, akinyonywa mafuta, anaweza kuvuja damu, kidonda kikaoza, au damu ikaganda na kwenda mapafuni. Nami nilikuwa na tiketi ya ndege baada ya siku nne, safari ya saa nyingi nimekaa! Hakuna aliyeniambia. Na mimi sikuuliza, kwa sababu anayeuliza anaonekana mgeni.

Mkunjo bado ninao. Asubuhi nyingine unanisumbua, sitawadanganya. Ila sasa namwambia Mungu wazi kwamba unanisumbua, na ninavaa, na ninatoka.

Namshukuru Bwana, namshukuru mama, namshukuru Mama Tumaini. Mtumainini Bwana, ndugu zangu, hata kwa lile mnaloona aibu kulitamka!

Kuna dada yuko humu leo, ana miadi ya kliniki kama ile Alhamisi. Jina silitaji, na simhukumu. Dada yangu, siku hiyo nilikuwa niende bandarini Nansha kuangalia kontena, sitaenda. Ukiamua kwenda kwa daktari, nitakusindikiza, na tutamweleza kila kitu, hata akituona wasumbufu. Ukiamua kubaki, njoo tupike ugali. Nitakuwa nyumbani tangu asubuhi. Mlango sitaufunga.