Nestori Bazilio na Kamba ya Soko la Mpakani

Marehemu Nestori Bazilio alizaliwa Kitahana tarehe 9 Agosti 1951, asubuhi ya ukungu. Mama yake alisema mtoto alitulia kama anayesikiliza mtu wa mbali. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha ili achunge ng'ombe wa baba.

Mwaka 1973 aliingia jeshini. Alipigana vita ya Uganda, akarudi mzima, akapewa kuongoza mgambo wa mpakani, kwenye soko la Jumamosi wanapokutana watu wa huku na wa Burundi.

Hapo ndipo binti mmoja, Theodosia, alipovuka mto na tenga la maharage.

"Shusha tuone," Nestori akasema.

"Anayetaka kuona ndiye ashushe."

Akashusha. Kisha akalibeba mwenyewe hadi sokoni, bunduki begani, tenga kichwani, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Walifunga ndoa Kabanga tarehe 12 Mei 1984.

Kila Jumamosi, kabla ya biashara kuanza, alikunywa pombe ya mtama na Mzee Nkunzimana wa ng'ambo, chungu kimoja, mirija miwili. Hapo ndipo alipopata habari: nani kapita na silaha, kapita njia gani. Mwaka 2013 wakubwa waliagiza soko lifungwe kwa ajili ya usalama. Nestori alikuwa askari. Alitii, kamba ya kuzuia njia ya kuvukia akaifunga kwa mkono wake. Chumvi ya Khatibu, mwenye duka wa Kasulu, ikaganda kwenye magunia. Nkunzimana hakuja tena. Majambazi wakaswaga ng'ombe wa kijiji kizima, na hakuna aliyekuwa ameonya.

Nestori akaenda kikaoni wilayani kuomba soko lifunguliwe.

"Mzee mzima unatetea pombe?" wakubwa wakamuuliza.

"Natetea masikio yangu. Mtu wa ng'ambo akiuza kwangu, naye hataki vita. Mkimfukuza, niwekeeni askari kila kichaka."

Wakasema watafikiria.

Novemba 2014 figo zilimlaza hospitali ya Kabanga. Kila Jumamosi aliamka akisema, "Mama Kezia, nasikia wanavuka maji. Limefunguliwa?"

Mkewe hajui kudanganya mtu. "Bado. Lala."

Alitabasamu, akasema wamebeba ndizi, wanacheka, ukungu umewafika viunoni.

Alifariki Jumamosi alfajiri, tarehe 14 Februari 2015.

Jana kamba ilifunguliwa ili waombolezaji wavuke. Wamekuja na ndizi vichwani, ukungu viunoni, na Nkunzimana na chungu chake. Kamba hiyo ndiyo inayomshusha Nestori kaburini leo. Mkuu wa kituo cha mpakani kauliza itarudishwa lini. Theodosia kamjibu, "Hairudi. Anashuka nayo."

Ameacha mjane, watoto watatu, Kezia, Makarius na Esteri, wajukuu saba, na Nkunzimana wa chungu kimoja. Alale kwa amani, na njia ikae wazi.